Watembea kwa Miguu Arobaini na Mmoja

Fomu ilikuwa na maswali manne, na kiwanda kizima kilidanganya kwenye lile la maana.

Kilikuwa kiwanda cha dobi. Mashuka ya mahoteli yaliingia kwa mlango wa nyuma na madoa ambayo mtu mwenye adabu hayaulizii, yakatoka kwa mlango wa mbele meupe, yamepigwa pasi, yamekunjwa pande nne kama hayajawahi kulaliwa na mtu. Asubuhi hiyo mashine zilizimwa kwa dakika kumi. Hazikuwahi kuzimwa hata siku ile mkunjaji mmoja alipoanguka kwa joto, lakini leo zilizimwa ili Afisa Mazingira agawe karatasi.

Afisa Mazingira alikuwa binti mwembamba aliyeajiriwa mwezi uliopita. Alikuwa na shahada mbili na chupa ya maji aliyoibeba kifuani kama mtoto mchanga. Wafanyakazi walishampa jina: Bibi Hewa.

"Jamani, tunataka kujua tu mnakujaje kazini," alisema. "Wateja wetu wa mahoteli wanauliza tunachafua hewa kiasi gani. Na si moshi wa hapa kiwandani peke yake. Hata safari ya mfanyakazi kutoka nyumbani inahesabiwa. Mnapokuja kazini, mnachafua hewa."

"Sisi?" akauliza mfuaji mmoja, amelowa hadi kiunoni.

"Sote. Mimi pia," alisema Bibi Hewa, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye gari lake lina kiyoyozi.

Kabla kalamu hazijagusa karatasi, msimamizi wa zamu alipita nyuma ya meza za pasi. Huyu alipandishwa cheo kwa sababu ya sauti, na hata kunong'ona alinong'ona kwa sauti hiyohiyo. "Sikilizeni nyie. Atakayeandika anakuja na basi la kampuni, ataanza kukatwa nauli kwenye mshahara. Nimesikia ofisini kwa masikio yangu haya."

Hakuwa amesikia lolote ofisini. Alibuni palepale, kwa sababu mtu aliyezoea kuonya watu akikaa nusu saa bila onyo anajisikia mgonjwa. Lakini wafanyakazi arobaini na mmoja, wote wakiwa wameshuka kwenye basi la kampuni saa moja iliyopita, wengine bado na alama za kiti mashavuni, waliinama wakatia tiki mahali pamoja: KWA MIGUU. Msimamizi naye akatia.

Miongoni mwao alikuwa mpiga pasi mmoja ambaye kiwanda kizima kilimwita Shemeji. Mumewe ndiye aliyeendesha lile basi, na kwa kuwa dereva ni kaka wa kila abiria, mkewe akawa shemeji wa wote, hata wa wale waliomzidi umri mara mbili. Shemeji alitia tiki, kisha akafika swali la tatu. Umbali kutoka nyumbani: aliandika kilomita kumi na tatu, maana hapo hakuona sababu ya kudanganya. Swali la nne lilitaka muda wa safari. Akafikiria kwa basi ni dakika ngapi, akapunguza kidogo ili aonekane mchapakazi. Dakika ishirini.

Mumewe alijaza fomu yake kwenye usukani. Hakutia tiki popote. Aliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: MIMI NDIYE DEREVA. Kompyuta ya Bibi Hewa iliikataa fomu hiyo kwa kuwa haikujazwa ipasavyo, ikaenda kwenye pipa la taka.

*

Wiki mbili baadaye Mkurugenzi alikuja mwenyewe. Alisimama katikati ya matoroli ya mashuka, akiinua suruali kidogo isiguse sakafu yenye maji.

"Nimeajiri watu, kumbe nimeajiri mashujaa," alisema. "Hakuna, narudia, hakuna mfanyakazi hata mmoja anayekuja hapa kwa kuchoma mafuta. Mnatembea! Mvua, jua, mnatembea! Mahoteli wamesoma ripoti yetu wameshangaa."

Watu walipiga makofi. Mtu akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na bosi, kwanza anang'aa, halafu ndiyo anajiuliza.

"Sasa," akaendelea, "nimeambiwa kumbe tuna basi. Linazunguka mji kila asubuhi, tupu, linatoa moshi, halibebi mtu. Hiyo ni aibu. Tumeamua kuliuza. Kuanzia Jumatatu hakuna basi."

Mkurugenzi hakuwa anadanganya. Basi lilifika saa moja na yeye alifika saa nne. Jioni liliondoka na yeye ameshaondoka zamani. Katika maisha yake alikuwa ameliona mara moja, limeegeshwa, na kweli lilikuwa tupu.

Makofi yalikatika kama umeme. Watu arobaini walijikausha, wakaangalia viatu vyao kwa makini, kana kwamba leo ndiyo wamevinunua. Aliyeendelea kupiga makofi alikuwa mmoja tu. Pasi ya mvuke ilikuwa inavuma karibu na sikio la Shemeji, hakusikia sehemu ya mwisho, akadhani bado wanasifiwa. Alipiga makofi peke yake, anatabasamu, mpaka macho yake yalipofika mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama pale na ufunguo wa basi mkononi, anamwangalia.

*

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili, pazia na mama mkwe. Mama mkwe aliitwa Bi Mkubwa, na chochote kilichosemwa chumba hiki alikijibu kutoka chumba kile.

"Uliandika nini?" Dereva aliuliza. Watu walimwita Taratibu, kwa mwendo wake barabarani, na kwa kawaida hata hasira yake ilichelewa kufika. Leo iliwahi.

"Kila mtu aliandika anatembea."

"Kila mtu si mke wangu."

"Walisema tutakatwa nauli."

"Unalala na mimi. Unaamka na mimi. Unakaa kiti cha nyuma yangu, unanipigia kelele nifunge dirisha. Halafu unaandika unatembea?"

"Sasa ningeandika nini, peke yangu? Wangenikata mimi tu, na kiwanda kizima wangenicheka."

"Na wewe ulipiga makofi!"

"Sikusikia, mume wangu. Ile pasi inavuma."

Kutoka nyuma ya pazia Bi Mkubwa alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa. "Kwani aliandika anatumia muda gani?"

Shemeji alianza kukunja kanga iliyokuwa tayari imekunjwa.

"Dakika ishirini, mama," Shemeji akasema.

"Kilomita kumi na tatu! Kumbe mwanangu nimemwozesha pikipiki."

Hasira ilipotulia, Jumapili jioni, likabaki tatizo lenyewe. Ng'ambo ya soko kulikuwa na shule ya binafsi iliyotafuta dereva wa basi la watoto. Taratibu alishakwenda. Mwalimu mkuu alimkagua leseni, akamzungusha barabarani robo saa, akampenda, na aliposikia jina lake akampenda zaidi. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: barua ya mwajiri wake, yenye muhuri, ieleze aliendesha nini, miaka mingapi, na kama alipata ajali. Miaka kumi na mmoja, na hajawahi kugonga hata kuku. Barua ilitakiwa Ijumaa. Ijumaa ikipita, kulikuwa na mwingine kwenye foleni.

"Barua tu?" Shemeji aliuliza.

"Barua tu."

"Hiyo si kazi. Nenda kesho."

Alikwenda kesho yake, na siku iliyofuata. Siku zote mbili alikalishwa kwenye benchi la wageni kiwandani kwake mwenyewe, akaandikishwa kwenye daftari la wageni, na mlinzi ambaye yeye alikuwa akimbeba bure kila siku akamuuliza, bila haya, "Una miadi?"

*

Siku ya tatu Shemeji alivua aproni akapanda mwenyewe ofisini.

"Karibu, mama," alisema Bibi Hewa. "Naomba uwe mfupi, nina mkutano wa hewa."

"Nimekuja kuomba barua ya mume wangu. Kwamba alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi."

Bibi Hewa alisikitika. Alijua kusikitika vizuri, pengine lilikuwa somo. "Hapo ndipo pagumu. Ripoti yetu inasema wafanyakazi hawapandi basi. Sasa nikiandika kulikuwa na dereva wa basi la wafanyakazi, wafanyakazi gani?"

"Sisi."

"Nyinyi mnatembea."

"Tulidanganya, madamu."

Bibi Hewa aliinuka akafunga mlango. Alipogeuka, sauti ilikuwa nyingine, ya chini na ya haraka. "Usirudie hilo neno. Fomu ina saini yako. Taarifa ya uongo yenye saini ni kufukuzwa kazi. Unataka nifukuze watu arobaini na mmoja?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Mama, uliandika kilomita kumi na tatu kwa dakika ishirini." Alicheka kidogo, akajizuia. "Hakuna mashine inayoamini hilo. Lakini sikuajiriwa kuuliza maswali. Niliajiriwa kushusha namba, na namba zimeshuka."

Shemeji aliangalia dirishani. Chini, gari kubwa jeusi la Mkurugenzi lilikuwa limewashwa tangu asubuhi bila kwenda popote, dereva wake ndani anasinzia, ili bosi atakapotoka akute kiti kimepoa.

"Na lile?" aliuliza.

"Lile halihusiki. Hii ni hesabu ya safari za kuja kazini. Mkurugenzi haji kazini. Popote alipo, yuko kazini."

Shemeji aliliangalia tena lile gari.

"Nisaidie nikusaidie," Bibi Hewa akasema, na sasa akaketi ukingoni mwa meza kama rafiki. "Kesho, Alhamisi, anakuja mkaguzi kutoka kwa mahoteli. Atachagua mfanyakazi mmoja amuulize. Mimi ndiye nitakayemwonyesha njia, kwa hiyo atamkuta nitakayemtaka. Wewe una sura ya mtu mkweli."

"Nikishasema?"

"Jioni yake mumeo anapata barua. Barua nzuri."

*

Kulikuwa na kasoro moja katika mpango wa Alhamisi. Tangu basi lisimame, watembea kwa miguu wale mashuhuri walifika kazini saa mbili, saa tatu, juu ya malori ya mchanga, watatu watatu kwenye pikipiki, na mmoja ndani ya gari la kubeba ng'ombe. Mkaguzi alitaka kuwaona wakiingia saa moja kamili. Hakukuwa na njia ya kuwawahisha kwa miguu isipokuwa kwa basi.

Kwa hiyo Taratibu aliitwa. Kwa siku moja, bila mkataba, na asubuhi hiyo alikuta ubavu wa basi lake, lililokuwa bado halijapata mnunuzi, umefunikwa kwa mashuka mawili ya hoteli, meupe kabisa, ili jina la kampuni lisionekane.

"Kama maiti," alisema.

"Wewe endesha," akajibu msimamizi. "Utashushia pale nyuma ya banda la mbao. Usisogee hata hatua moja zaidi."

Ndani ya basi hakuna aliyeimba wala kutania kama zamani. Waliingia wakimsalimia Taratibu bila kumtazama, "Habari, kaka," "Salama, kaka," na kila mmoja alikwenda kukaa mbali naye. Kiti cha nyuma ya dereva alikaa mkewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

"Utasema nini?" Taratibu alimuuliza kupitia kioo.

"Nitasema watakachotaka. Unataka barua au hutaki?"

"Nataka."

"Sasa usiniulize."

Nyuma ya banda la mbao walishuka wakapangwa wawili wawili. Msimamizi alipita katikati yao na ile chupa ya kunyunyizia maji kwenye nguo za kupigwa pasi, akawapulizia kila mmoja kwenye paji la uso na kwapani, ili watoe jasho. Hakuna aliyekataa. Mfuaji mmoja hata aliomba aongezewe shingoni. Wakapiga kona, wakatembea hatua mia tatu, wakaingia getini wakihema.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya jua na daftari. Alionekana kuguswa kwelikweli. Bibi Hewa alimshika kiwiko akampeleka moja kwa moja hadi kwa Shemeji.

"Umetembea, mama?"

"Nimetembea."

"Hujachoka?"

"Nimezoea. Mwili unakuwa mwepesi."

Mkaguzi aliandika. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: akashusha daftari. "Nataka kukuuliza kitu, mama, na unijibu tu bila woga. Njiani nimeliona basi nyuma ya lile banda, limefunikwa mashuka. Na nimesikia hapa palikuwa na basi la wafanyakazi, likaondolewa. Kama mlikuwa mnalihitaji, niambie. Mimi naweza kuandika lirudishwe. Mteja akisema lirudi, litarudi."

Kiwanda chote kilisikia. Msimamizi alisahau kukaripia. Shemeji aliwaangalia wenzake mmoja mmoja, akisubiri hata kikohozi. Watu arobaini, na kila mmoja alikuwa ameona kitu cha ajabu sakafuni. Kwa neno lake moja basi lingerudi, na kwa neno hilohilo yeye angefukuzwa na saini yake, halafu wenzake hawa wangelipanda hilo basi wakimsimulia. Na barua ilikuwa juu, ofisini, ikisubiri muhuri.

Getini Taratibu alikuwa amesimama, amekuja kurudisha ufunguo.

"Basi gani?" akasema Shemeji.

*

Barua ilikuja jioni hiyo ndani ya bahasha kubwa ya kaki, imefungwa kwa gundi, muhuri umegongwa juu ya mfuniko. Taratibu aliiweka mezani. Tangu asubuhi hakuwa amezungumza na mkewe.

"Tuifungue tuone," Shemeji alisema.

"Mkono wako usiiguse!" Bi Mkubwa alitoka nyuma ya pazia mzima mzima, jambo la nadra. "Bahasha ya ofisi haifunguliwi na mbebaji. Ukiifungua watasema umejiandikia. Baba yenu alikosa kazi bandarini kwa sababu ya bahasha iliyochanika pembeni tu, tena na mvua."

Alisema kweli. Kwa watu kama hawa bahasha iliyofungwa ndiyo yenye thamani, na iliyofunguliwa ni karatasi tu. Ililala mezani, haikuguswa, wakaila kwa macho.

Ijumaa asubuhi mwalimu mkuu aliichana kwa rula. Akasoma. Akarudia. Akamwangalia Taratibu, aliyekuwa amevaa shati la harusini, kisha akasoma tena, safari hii kwa sauti.

"'Mtajwa hapo juu alitumikia kampuni yetu kwa miaka kumi na mmoja kama Mratibu wa Watembea kwa Miguu. Katika kipindi chote hicho hakuna mtembea kwa miguu hata mmoja aliyepotea wala kuumia chini ya uangalizi wake.'" Akaishusha. "Mimi nilielewa wewe unaendesha."

"Naendesha, mwalimu. Si uliniona?"

"Nilikuona. Lakini bodi ya shule haikukuona, wao wataona hii. Hapa pako wapi pameandikwa dereva?"

"Wamekosea."

"Wamekosea mara mbili na wakapiga muhuri?"

Taratibu aliutazama ule muhuri. Angeweza kueleza kuhusu fomu, ripoti, mkaguzi na mashuka. Aliipanga habari hiyo kichwani, akaona inavyosikika, akaiacha hukohuko.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aligonga rula mezani akifikiri, mara uso ukamchangamka. "Kwani tunahangaika nini? Hapa getini watoto wanavuka barabara, na magari hayasimami. Tangu mwaka jana natafuta mtu wa kuwavusha, sipati mwenye uzoefu." Akaipiga barua kwa kidole. "Miaka kumi na mmoja! Hakuna aliyeumia! Mshahara si kama wa dereva, lakini ni kazi."

*

Shemeji alifika nyumbani giza linaingia, viatu mkononi.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

"Afadhali! Lile basi kubwa au dogo?"

Taratibu alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya mlango kulikuwa na fulana ya rangi ya chungwa na kibao cha duara chenye mpini, kimeandikwa SIMAMA. Barua ilikuwa mezani, wazi. Shemeji aliisoma amesimama. Alipomaliza alikaa.

"Aliniahidi barua nzuri," alisema.

"Ni nzuri. Mwalimu mkuu ameisifu."

"Nisomeeni na mimi," Bi Mkubwa akadai kutoka chumba kile. Akasomewa. "Hapo pa kutoumia mtu, hapo wamesema kweli."

Shemeji alisugua nyayo zake zilizovimba. "Nitampigia yule mzee mkaguzi," alisema. "Namba yake iko ubaoni kwenye lango. Nitamwambia basi lilikuwepo, tulipanda sote, na dereva alikuwa wewe. Wanifukuze tu."

"Atafurahi kusikia."

"Sasa?"

"Sasa atawauliza wao, na hii barua itakuwa ya uongo." Taratibu alisema taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Na mimi kazi nimeipata kwa barua hii."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Shemeji aliichukua barua, akaikunja kwa mikunjo ya kiwandani, pande nne sawasawa, akaipiga pasi kwa kiganja, akairudisha ndani ya bahasha yake iliyochanika.

"Kesho unatakiwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Watoto wanawahi."

"Njia ni moja mpaka sokoni. Tutoke pamoja."

Taratibu aliitundika fulana ya chungwa kwenye msumari, akainyoosha mabega.

"Wewe tangulia," alisema. "Nisije nikaonekana nimebeba mtu."